Kufuli Lililotumwa Likiwa Wazi

Igogo, Mwanza
Jumamosi jioni

Minza mwanangu,

Umekwenda Misungwi kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua hatakuachia mpaka akulishe mara mbili, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia begani. Treni ni kesho. Mambo ya dawa za malaria, ya kufunga mlango, ya kuvaa sweta huko kwenye baridi, nimeyasema hadi nimejichosha mwenyewe, na najua bibi yako anayarudia muda huu. Hapa sitayaandika.

Ninaandika juu ya namba ya kadi.

Hali unaijua. Ada ya muhula wa kwanza haijalipwa. Chuo kinataka ilipwe kabla ya siku ya kuandikishwa, na atakayefika bila malipo kiti chake anapewa mwingine. Hundi ya benki inachukua wiki nyingi, na kila inapopita inakatwa kidogo. Imebaki kadi ya mjomba wako Masanja, ile aliyopewa na benki ya nje ambako kampuni ya watafuta dhahabu inamwekea mshahara. Fedha yake nimeshamlipa mkononi, ya mabondo ya msimu mzima, na zaidi ya hiyo sina nyingine. Masanja amesharudi kambini, Geita, ambako kuna simu ya ofisi lakini kompyuta mchimbaji haigusi. Kwa hiyo lazima mtu mwingine akae mbele ya mashine, aiingize namba ile katika ukurasa wa chuo, na mali yetu yote iende ama mahali pake, ama kwa mwizi.

Umeniomba mara tatu nikuachie ulipe mwenyewe. Mara tatu nimenyamaza, nawe umeuchukulia ukimya wangu kuwa sikuamini. Sitaki upande treni na wazo hilo. Ukimya ule ulianza zamani, wewe ukiwa darasa la pili, na siku ile pale kwenye duka la kompyuta ulitokeza tu.

Tuanze na siku ile, maana najua bado unayo moyoni.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya kulipa amana ya kushika nafasi. Tulikuwa sisi watatu: wewe kwenye kiti, mimi nyuma yako, mjomba wako kando na kadi mfukoni mwa shati. Mashine zilikuwa tatu na feni moja, na mwenye duka amesimama na saa yake akihesabu dakika zetu. Ukurasa wa chuo ulifunguka pole pole, picha ikishuka mstari kwa mstari kama pazia. Ukabonyeza pale pa kulipia. Badala ya ukurasa wa malipo likatokea boksi la maneno katikati ya kioo.

Ukasoma, ukanitafsiria. "Mama, inasema cheti cha ukurasa huu kimekwisha muda wake. Inauliza kama tuendelee."

Mwenye duka akasema bonyeza endelea, dada, vitu hivyo vinatokea kila siku, Wazungu wanapenda tu kuuliza uliza.

"Na ikiwa siyo chuo?" nikamuuliza.

"Mama, jina la chuo si hilo hapo juu? Au hatujui kusoma?"

"Kusoma najua. Ndiyo maana nimeuliza."

Mkono wako ulikuwa tayari juu ya kipanya. Nikaushika, nikautoa. Yule bwana aliyekuwa amekaa kwenye mashine ya tatu akacheka, akasema mama anadhani kompyuta itamng'ata mtoto. Nilimsikia, nawe ulimsikia. Kutoka pale mpaka Igogo ulitembea mbele yangu, na Masanja katikati, asijue amfuate nani.

Sasa nikupeleke nyuma ya hapo.

Miaka ile serikali ilipofungua biashara kwa watu binafsi, kila aliyeweza kununua gunia moja la kitu chochote alijiita mfanyabiashara, na mimi nilikuwa mmoja wao. Baba yako alikuwa ameshafariki. Ndugu zake walikuwa wamechukua ng'ombe, na baada ya ng'ombe wakarudi kuchukua bati za jiko, jambo ambalo sijalisahau wala sina nia ya kulisahau. Nikaingia kwenye mabondo. Wewe umekua ukiyaona yamening'inia uani, vile vifuko vya hewa vya sangara vilivyokauka kama ngozi, ukiniuliza ni nani huko nje anayekula vitu hivi. Nani anakula sikujali. Niliona kwamba viwanda vinagombania minofu na wachuuzi wanagombania mapanki, ile mifupa inayobaki, lakini bondo watu walikuwa bado wanalitupa au kuliuza kwa bei ya mchezo, na kilo moja yake likikauka ilizidi bei ya samaki mzima.

Kisiwani nilikuwa na mtu wangu, Nyabwire, Mjita, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji. Mimi nilimpelekea fedha na chumvi, yeye akakusanya na kukausha, na mtu wangu akaenda kwa boti kuchukua mzigo. Mimi mwenyewe sikuweza kwenda kila mara. Wewe ulikuwa mdogo, nami sikutaka kukuacha kwa wale waliochukua bati. Kwa hiyo tukaweka neno la siri. Yeyote atakayekuja kuchukua mzigo lazima alitaje. Neno lenyewe lilikuwa jina la ng'ombe fulani wa baba yangu, na hata leo sitaliandika.

Kuwasiliana tulitumia redio ya upepo. Wakala mmoja alikuwa nayo hapa Igogo karibu na ziwa. Asubuhi tunapanga foleni, unabonyeza, unasema, unaachia, unasubiri mwenzako aseme. Ubaya wake ni kwamba kila mwenye redio kama ile alisikia kila kitu. Kambi za visiwani, maboti makubwa, watu wa Musoma. Wengine waliifungua kama burudani tu, wajue nani kajifungua na nani hajalipa mafuta. Na sisi tulijua wanasikia. Ndiyo maana bei tulizitaja kwa Kisukuma, kana kwamba nusu ya ziwa hawakijui.

Asubuhi moja nikamwambia Nyabwire kwamba mtu wangu anakuja keshokutwa, atachukua gunia sita. Akalalamika kwanza juu ya goti lake. Kisha akasema, "Mama Minza, lile neno nimelisahau."

Nyuma yangu kulikuwa na watu, na wakala alitoza kwa dakika. Ningeweza kusema basi, mtu wangu nitampa barua, tutaliweka neno lingine siku nyingine. Nilitazama ile foleni, nikawaza zile dakika. Nikalitaja.

"Rudia, sijakusikia vizuri."

Nikalirudia, kwa sauti kubwa.

Kesho yake, siku moja kabla ya mtu wangu, alifika bwana mmoja kisiwani. Alimwamkia Nyabwire kwa Kijita, akampa pole ya goti. Akalitaja neno. Kisha, ili kukamilisha kazi, akatoa barua ya utambulisho yenye muhuri wa ofisi ya kijiji, wino wa zambarau, mviringo mzuri kabisa. Nyabwire alimpa gunia sita, akamsaidia kuzipakia, na akampa samaki wa njiani. Mtu wangu alipofika kesho yake na neno letu zuri, halikuwa na kazi tena.

Ile barua niliiona baadaye. Kijiji kilichoandikwa kwenye muhuri hapana aliyekijua. Ulikuwa umechongwa kwa mpira wa kandambili, ukiutazama karibu unaona kisu kilipoteleza. Jamaa alijichongea muhuri, akajigongea, akajithibitisha yeye mwenyewe kwamba yeye ni yeye.

Nilikwenda kisiwani nikamwambia Nyabwire maneno. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyelitangaza, Mama Minza. Mimi nililisikia pamoja na ziwa lote." Alisema kweli, na sikumpenda zaidi kwa sababu hiyo.

Sehemu inayofuata sijawahi kukueleza. Baada ya pale niliacha visiwa. Karibu miaka miwili nilinunua huku huku ufukweni tu, kwa watu ninaowaona kwa macho, na kwa bei ya watu wanaoona kwamba huna pengine pa kwenda. Nilijisifu kwamba nimeerevuka. Wenzangu, ambao hesabu yao naijua kwa sababu walikuwa wanakuja kwangu niwapigie, waliendelea na visiwa, wakaibiwa hapa na pale, wakabadilisha taratibu zao, wakajenga nyumba za matofali. Nimelipigia hesabu jambo hili mara nyingi. Mwizi alichukua gunia sita, mara moja. Woga wangu ulichukua gunia sita kila mwezi, nami niliuita akili.

Turudi kwetu. Siku ya tatu baada ya ile Ijumaa ulikuwa umeanza kunijibu tena, kwa neno moja moja. Nilikuwa nachambua mchele, nikakuuliza hicho cheti ni cheti gani hasa, nani anakitoa, na kinakwishaje muda kama maziwa. Nadhani uliona nauliza kwa kutaka kujua, maana ulivuta kigoda.

Uliniuliza, nikienda kufungua akaunti benki wanataka nini kwanza. Nikasema barua ya balozi wa nyumba kumi. Benki inamjua balozi wetu? Haimjui. Sasa barua yake inasaidia nini? Nikakueleza kama vile wewe ndiye usiyejua: balozi anajulikana na mwenyekiti wa mtaa, naye anagonga muhuri wake, mwenyekiti anajulikana na ofisi ya kata, na muhuri wa kata benki wanaujua, mfano wake wanao pale ndani.

"Basi ni hivyo hivyo," ukasema.

Ukaniambia kwamba chuo kinapotaka kupokea malipo kwenye mtandao, kinakwenda kwa kampuni ambazo kazi yao ni kuthibitisha. Zinahakikisha kwamba anwani ile ni ya chuo kile kweli, kisha zinatoa cheti na kukigonga muhuri wa aina yao ambao haughushiki kwa kisu na kandambili. Na ile programu ya kufungulia kurasa imekuja kutoka kiwandani ikiwa na orodha ya mihuri inayoitambua. Ukifungua ukurasa, yenyewe inadai cheti, inatazama jina kama ni la anwani uliyoiandika, inafuata muhuri juu ya muhuri mpaka ifike kwa ule inaoujua, na inatazama tarehe. Kimoja kisipokaa sawa, inakuuliza wewe.

Ya tarehe sikuhitaji kuelezwa zaidi. Barua ya balozi ya mwaka juzi hakuna ofisi inayoipokea, hata muhuri uwe wa kweli, kwa sababu watu wanahama na wengine wanakufa, na barua haijui.

Lakini kuna jambo lilinikaa. Nikakuambia sawa, nimeshajua ninayeongea naye ni chuo. Namba ya kadi si inapita kwenye waya za simu, mashine hadi mashine, nchi hadi nchi? Wote wa njiani si watasikia? Ukasema hapana, mashine mbili zinafungiana maneno kwa siri yao, wa njiani anaokota takataka za herufi. Nikasema na hiyo siri wanaagana wapi? Wakiagana hewani si tumerudi kwa Nyabwire?

Hukuelewa kwa nini nimemtaja Nyabwire hapo. Lakini uliinuka, ukachomoa kufuli la mlango wa stoo, ukalileta likiwa wazi, ukaniwekea mkononi na ufunguo ukabaki nao.

"Chuo hakikutumii neno, Mama. Kinakutumia kufuli likiwa wazi. Kila mtu anaweza kulipata, haidhuru. Mashine yetu inatunga siri papo hapo, inaitia kwenye sanduku, inalibana lile kufuli. Likishabanwa hata sisi hatuwezi kulifungua. Ufunguo uko chuoni, haujawahi kutoka."

Nilibana. Ni kweli, kubana hakuhitaji ufunguo. Nimekuwa na makufuli maisha yangu yote na sijawahi kuliwaza hilo.

Nikakuuliza, "Na mwizi akinitumia kufuli lake, akasema hili ni la chuo?"

"Ndiyo kazi ya cheti," ukasema. "Kinasema kufuli hili ni la chuo hiki. Na anayesema hivyo siyo chuo chenyewe."

Nilitoka uani kugeuza mabondo ambayo nilikuwa nimeshayageuza. Gunia sita, Minza. Ningempelekea Nyabwire sanduku dogo la bati na kufuli langu likiwa wazi, kwa boti, mbele ya macho ya kila mtu. Ningemwambia atunge neno yeye, aliandike, alitie ndani, abane, anirudishie. Hata wakala angelibeba mwenyewe lisingemsaidia. Ilimradi tu Nyabwire awe na hakika kwamba kufuli limetoka kwangu, na kwa hilo angehitaji mtu anayetujua wote wawili. Vitu vyote vilikuwepo miaka ile. Boti zilikuwepo, makufuli yalikuwepo. Hakuwepo wa kuyapanga namna hiyo.

Ulinifundisha vizuri. Nitakuongezea kimoja ambacho hukukitaja, labda kwa sababu hujauza bado.

Mwaka ule niliporudi visiwani nilipata mnunuzi wa jumla. Huyu barua zake zilikuwa safi, balozi, mwenyekiti, kata, na mimi kwa kuwa nimeshaungua nilifuata kila muhuri kwa miguu yangu. Nyumba yake niliiona. Watoto wake waliniamkia shikamoo. Jina lake lilikuwa lake. Na mizani yake ilikuwa imechezewa, kila kilo kumi anakula moja. Nilipogundua nilikwenda kwa balozi wake kulalamika, naye akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba yeye aliandika bwana huyu anaishi hapa, na bwana huyu anaishi hapa. Kuhusu mizani hakuandika kitu.

Kwa hiyo ukiona lile kufuli dogo limefungwa kwenye kona ya chini ya kioo, ujue limekuambia mambo mawili tu. Unaongea na mwenye jina lile, na wa katikati hasikii. La tatu, kama mwenye jina lile ni mtu wa kweli, hilo ni lako. Mwizi anaweza kwenda kujiombea cheti kwa anwani yake mwenyewe, akapewa, kwa sababu anwani ni yake. Akiipa ukurasa wake jina linalofanana na la chuo, limezidi herufi moja katikati, kufuli litafungwa vizuri tu. Soma anwani herufi kwa herufi, kama mimi ninavyotazama mshale wa mizani. Mwanzo wake uwe na zile herufi ulizonionyesha, zinazoishia na s. Ukilipia mahali pengine, wajulie kwanza mizani yao.

Sasa lile la chumba cha bwenini, maana najua ndilo linalokuuma.

Jumatatu ulitaka tupige simu chuoni kwa namba iliyo kwenye ule ukurasa. Nikakataa, ukaguna. Ukurasa wenyewe ndio tunaoutilia shaka, nao utupe namba ya kuulizia habari zake? Ni sawa na kumuuliza yule bwana wa kandambili kijiji chake kiko wapi. Tukatafuta kile kitabu cha chuo ulichopewa na Sista shuleni, kilichokuja kwa posta, tukapiga kwa namba ya mle. Yule dada wa chuoni alicheka. Alisema ni kweli cheti kimekwisha, mhusika yuko likizo na hapana aliyekumbuka, kitakuwa kipya wiki hiyo hiyo. Ukurasa ulikuwa wao tangu mwanzo. Kwa kuwa tumepiga, nafasi yako watakushikia. Lakini vyumba vya bwenini viligawiwa Ijumaa kwa waliokwisha kulipa.

Cheti kilipofanywa upya tulirudi kwenye lile duka, Masanja akaandika namba mwenyewe kwa kidole kimoja, kufuli dogo likiwa mahali pake, na boksi halikutokea. Mwenye duka akasema, si nilikwambia mama. Nikamlipa dakika zake.

Wewe unasema nilikupotezea chumba kwa woga. Nimelifikiri na nakujibu kama ninavyojibu hesabu. Kuutoa mkono wako hakukuwa kosa. Hatukujua. Upande mmoja wa mizani chumba, upande wa pili kila kitu tulichonacho na mshahara wa mjomba wako juu yake. Ningekaa pale tena leo ningeutoa tena, na huyo bwana wa mashine ya tatu acheke mpaka kesho.

Kosa langu lilikuja dakika tano baadaye. Ilikuwa saa nane mchana, Ijumaa. Simu za nje pale posta zilikuwa wazi, ni kuvuka barabara tu, na kitabu cha chuo tulikuwa nacho ndani ya mkoba wako. Niliona posta. Nilipita mbele ya mlango wake. Nikarudi nyumbani nikafunga mlango, nikakaa na hofu yangu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kama nilivyokaa na visiwa miaka miwili. Ile mashine iliuliza swali. Mimi nililichukua kama jibu.

Hicho ndicho kilichopoteza chumba, na ndicho nilichotaka ukijue kwa mdomo wangu, usije ukafikiri mama yako anajua kujihadhari. Nusu yake najua. Nusu nyingine nimeipata wiki chache zilizopita, na wewe ndiye uliyeilipia.

Familia utakayokaa kwao badala ya bwenini nimeifuata kama barua ya benki. Sista anamjua padri wa kule, padri anawajua wao, na namba ya simu ya padri sikuipata kwao wala kwa Sista, niliitafuta parokiani kwetu. Nimeongea naye. Anasema mama mwenye nyumba ni mkali na anapika vizuri. Wakikusumbua, kumbuka padri amesema tu wanaishi pale, ukali na mapishi ni maoni yake. Utaniambia.

Basi, namba.

Ada utailipa wewe. Nimeshaongea na Masanja. Usilipie katika duka ambalo watu wamesimama begani. Sista anasema chuoni kuna chumba cha kompyuta cha wanafunzi, fika, tulia, lipia pale. Lile boksi likitokea, usibonyeze endelea, na usirudi nyumbani ukalale. Inuka saa ile ile uende kwenye ofisi yao kwa miguu, uwaulize. Wakikuambia ni tarehe tu imepita, waambie watengeneze, wewe utasubiri mlangoni. Una kichwa cha kusubiri mlangoni, umenirithi.

Katika barua hii namba haimo. Usiitafute nyuma ya karatasi. Barua zinafunguliwa, na mikoba inaibwa kwenye treni kuanzia hapa mpaka Dar. Kesho asubuhi stesheni, kabla hujapanda, nitakuinamia sikioni nikutajie nusu ya kwanza. Itie kichwani, usiiandike. Ukirudia nisikie, rudia kwa sauti ndogo. Nusu ya pili, na tarehe ya kadi, atakutajia Masanja kwa simu Jumapili ijayo, ukiwa umeshafika, kwa simu ya hiyo nyumba, na atakuuliza kwanza jina la yule ng'ombe. Hilo pia nitakutajia kesho. Utakuwa mtu wa sita kulijua, ukimhesabu mwizi na usipolihesabu ziwa.

Ile nusu ya pili mimi siijui. Masanja alitaka kunitajia nikamzuia. Nikiwa nayo yote nitakuwa nawaza kila usiku kwamba ningeweza kwenda mjini nikalipa mwenyewe kabla yako, nawe ungefika ukute mkono wangu umeshatangulia tena.

Utakapokaa mbele ya kile kioo sitakuwepo nyuma yako. Utasoma mwenyewe, na utaamua mwenyewe kama ni kubonyeza au ni kuinuka.

Nasikia gari limesimama hapo nje, naona umerudi, na bibi yako amekubebesha viazi. Acha nizime taa ya meza.

Mama yako